Fotografe na Karatasi Nne Nyeupe

Mtaani kwetu Kamina, upande wa nyumba za watu wa reli, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fotografe, basi. Mkewe alimwita hivyo, majirani hivyo, na mwaka aliougua malaria kali mchungaji alisimama mbele ya waumini akamwambia Mungu, "Mkumbuke mtumishi wako Fotografe." Hakuna aliyeona ajabu. Nadhani hata Mungu alielewa.

Ukiingia studio yake, usitegemee salamu kwanza. Alikutia mkononi picha mbili zilizofanana kama mapacha, akakusogeza dirishani. Halafu akauliza:

"Njo gani?"

Alitaka umwambie ipi ni nzuri zaidi. Ukijibu kwamba zote ni sawa, alikutazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia kwamba umefiwa. Ukichagua moja, alitaka sababu. Mimi mara ya kwanza nilikwenda kutafuta picha ndogo nne za faili langu la ualimu. Nilitoka baada ya saa mbili nzima bila picha hata moja.

"Nyeupe haina moja, Mwalimu," aliniambia siku hiyo. "Kuko nyeupe ya maziwa, kuko ya mufupa, kuko ya bunga ya mihogo. Na kuko nyeupe ya bongo."

Nyeupe ya uongo! Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya kumchelewesha mteja wakati umeme haujarudi.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba, uliozungushiwa matofali mekundu. Kulikuwa na mabamba ya jua juu ya paa, betri mbili za gari chini ya meza, na printa pana iliyofunikwa shuka lililotariziwa maua, kama mgonjwa aliyelazwa. Kompyuta aliichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa mjini, na tabia hiyo ilikuja kumgharimu. Umeme ukirudi, mtaa mzima tulijua, kwa sababu printa ilianza kukohoa.

Karatasi ndizo zilizokuwa maisha yake. Wapiga picha wengine wa mji walitumia ile inayong'aa ya kila duka, wakaifunika plastiki, kazi ikaisha. Yeye aliagiza karatasi nzito za pamba, zile ambazo watu wa Ulaya huchapia picha za kutundika ukutani kama michoro. Alikuwa na za aina nne, kutoka viwanda vinne tofauti. Zote za pamba, zote haziakisi mwanga, uzito wake ni mmoja, na kila boksi lilijisifu kwamba karatasi yake ni nyeupe kama theluji, jambo ambalo hakuna mtu wa Kamina anayeweza kulithibitisha.

Majina ya viwanda aliyabandua kwenye maboksi siku ileile yalipofika. Nyuma ya kila karatasi aliandika namba kwa penseli: moja, mbili, tatu, nne.

"Ukiisha kujua kabila ya muntu, utamuona sawa vile balikuambia," alisema. "Karatasi nayo njo vile. Acha ijiseme yenyewe."

Picha ya kuzipima karatasi ilikuwa ileile miaka yote: mkewe, amevaa blauzi nyeupe ya kwaya ya akina mama, chupa ya mafuta ya mawese mkononi, fungu la sombe, majani ya mihogo, miguuni, na nyuma yake mlango uliopakwa rangi nyeusi. Alisema ndani ya picha hiyo moja mlikuwa na kila kitu kinachoisumbua karatasi: weupe wa kitambaa, wekundu wa mafuta, kijani cha majani, na ngozi nyeusi mbele ya mlango mweusi. Hilo la mwisho ndilo alilolijali kuliko yote. Karatasi mbaya, alisema, inamrudisha mtu wetu mlangoni, hujui anaishia wapi na mbao zinaanzia wapi.

Mama Fotografe alizoea kujiona amelala mezani mara nne. Siku moja mke wa mchungaji mpya alikuja kuwatembelea, akamwuliza kwa upole maisha ya ndoa yakoje. Mama akajibu bila kuacha kuchambua mboga:

"Bwana yangu alinipiga mara moja tu, Mama. Lakini ananichapa kila siku."

Mgeni aliweka kikombe chini. Alishaanza kuomba alipoletewa rundo la picha aone kwa macho yake. Walicheka mpaka sombe ikamwagika, na tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Namna yake ya kupima ilihitaji moyo wa mtu anayengoja mahindi yakomae. Alikata vipande vyembamba kutoka kila karatasi, akavibandika kwenye kioo cha dirisha linalotazama magharibi, nusu ya kila kipande akaifunika kwa gamba la boksi. Jua lilipiga nusu moja, nusu nyingine ikakaa gizani. Baada ya miezi alifunua kutazama tofauti. Alidondosha maji. Alisugua kwa ukucha. Alifumba macho akapapasa sehemu ya nyuma. Alikwenda kwa mvunja fedha wa sokoni kuazima ile taa ndogo ya zambarau wanayoangalizia kama dola ni za kweli, akaimulika juu ya karatasi chini ya blanketi, na kichwa chake mwenyewe ndani ya blanketi. Karatasi tatu zilibaki kimya. Namba mbili iling'aa buluu kama shati la tangazo la sabuni.

"Iko na dawa," alinieleza, uso umejaa jasho. "Bameitilia dawa ya kuifanya iwe nyeupe. Dawa ikiisha, tutaona sura yake ya kweli. Karatasi ni sawa bantu ba kanisa. Siku ya dimanche bote banavaa muzuri. Ungoje kwanza lundi." Yaani Jumatatu, siku ya nguo za kazi.

Nisimfanye malaika. Mtu huyo alikuwa na mambo yasiyoelewana. Aliweza kungoja mwaka mzima kuona kipande kikibadilika, lakini hakuweza kungoja bukari, ugali wetu, ipoe. Kila siku aliunguza ulimi, kila siku akashangaa. Alijua karatasi kwa kidole, lakini watu aliwasahau. Alinipita sokoni mara ngapi sijui, mpaka nikageuza uso kuelekea kwenye mwanga. "Aa, Mwalimu! Ulikuwa mu kivuli." Ndevu zake zilikuwa kichaka, kwa sababu brashi ya kunyolea aliitumia kupangusa vumbi la pamba kwenye karatasi kabla ya kuchapa. Vumbi hilo, alisema, likishika wino leo, kesho linadondoka na kuacha nukta nyeupe puani mwa bibi harusi. Mkewe alimnunulia brashi ya pili, ya ndevu tu. Wiki hiyohiyo niliiona karibu na printa.

Karatasi zilifika kwa treni kutoka Lubumbashi, chini ya ulinzi wa rafiki yake, chefu wa treni, msimamizi wa safari, ambaye alizilaza kitandani mwake zimefungwa blanketi, naye akakaa wima njia nzima. Treni yenyewe ilijua kuchelewa siku nyingi. Fotografe aliisubiri stesheni akiwa na mwavuli, hata wakati wa kiangazi, anga tupu kabisa. Watu walimcheka.

"Wingu haiandikaka barua," aliwajibu.

Na ile karatasi inayong'aa aliyoidharau, aliiuza pia, maana maharusi waliitaka. Lakini ndani ya bahasha yao daima aliongeza picha moja ya karatasi ya pamba, zawadi. Nilikuwapo kijana mmoja kutoka Kaniama alipomwuliza sababu.

"Hii yenye kung'aa," Fotografe akamwambia, "siku mutagombana utaiangalia, utajiona weye mwenyewe na kasirani yako. Hii ingine, utamuona bibi yako tu."

Kijana alitoka ameishika kama yai.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugombanisha.

Familia za reli zilitaka picha za wazee wao kabla hawajaisha: madereva wa treni, watu wa ishara, mafundi wa karakana. Wazee kumi na tisa. Baba yangu alikuwa mmojawao. Alikuwa ameendesha treni ya Kabalo maisha yake yote, na tayari kifua kilikuwa kinamsumbua. Fotografe aliwapiga mmojammoja, kila mzee na suti yake nyeusi na shati jeupe. Halafu akachapa mfano kwenye karatasi zote nne, akawaita wana wa wazee kuchagua. Nilikuwapo. Tulipoiona namba mbili, tulipiga kelele. Mashati yalimetameta! Karatasi nyingine zilionekana za zamani, kama zimekaa jikoni. Tulisema kwa sauti moja: namba mbili.

Fotografe alijikuna ndevu. "Iko muzuri," akasema. "Lakini sijaimaliza kuipima."

"Papa, wazee hawangoji," nilimwambia mimi.

Akachapa namba mbili. Picha zilitundikwa katika ukumbi wa kanisa, ukuta unaotazama madirisha makubwa ya magharibi, na Jumapili ile wazee walipita mbele ya picha hizo kama wakaguzi wa gwaride. Baba yangu alisimama mbele ya sura yake muda mrefu. "Huyu muntu," akasema, "namuheshimu." Tulimzika mwaka uliofuata.

Ilipita misimu mitatu ya mvua. Tulikuwa tunasafisha ukumbi kwa ajili ya Pasaka, nikaitoa picha ya baba kwenye fremu nifute kioo. Pembeni, pale fremu ilipofunika, karatasi ilikuwa bado nyeupe. Katikati shati la baba lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na uso ulikuwa na manjano ya mtu mwenye ugonjwa wa ini. Nikafungua ya jirani yake. Vilevile. Nyingine, vilevile.

Nilikwenda kwake na fremu kwapani. Safari hii mimi ndiye niliyeacha kusalimu.

"Papa Fotografe, ona."

Aliitazama pale pale alipokaa. Hakuisogeza dirishani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ku dirisha yangu ilianza kugeuka tangu mvua ya mwaka jana. Nilisema pengine ni jua ya huku tu. Nilisema ningoje kidogo."

"Ukangoja?"

"Nikangoja. Nilipata haya, Mwalimu."

Angesingizia madirisha ya kanisa, au kelele zetu siku ile ya kuchagua, ningekuwa na cha kubishana nacho. Hakusingizia chochote, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Nilimwambia maneno ambayo nisingependa kuyarudia yote. Nilimwambia anapenda karatasi kuliko watu waliomo. Niliacha fremu mezani, nikaondoka, na mkewe akanisindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya kwaya na ya mbuzi aliyepotea, Fotografe alisimama. Alikuwa amenyoa. Hilo peke yake liliwanyamazisha watu.

"Zile foto za bazee zinaharibika," alisema. "Kosa haiko ya jua, haiko ya kanisa. Ni yangu. Nilijua ile karatasi iko na dawa, nikaitumia juu ya vile bote mulifurahi, na minyi nilipenda mufurahi. Nilipoona inageuka, nikanyamaza. Nitazifanya zote tena."

Halafu mzee mmoja wa ishara, kati ya wachache waliobaki hai, akapaza sauti kutoka benchi la mbele:

"Acha yangu, Fotografe! Minyi nazeeka, yenyewe nayo inazeeka. Tunatembea pamoja!"

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akiwemo. Nami nilicheka, ingawa sikutaka.

Lakini yeye hakuiacha hata moja. Tatizo lilikuwa radi. Mwaka mmoja kabla, radi ilikuwa imepita kwenye waya za mtaa ikaua kompyuta yake, na katika picha kumi na tisa aliokoa kumi na sita. Tatu zilikuwa zimepotea kabisa. Ya baba yangu ilikuwa mojawapo.

Kiangazi kile chote alifanya kazi juu ya ile karatasi iliyoharibika. Aliipiga picha upya, akaitoa manjano kidogo kidogo, shavu leo, kola kesho. Alinitumia ujumbe kuniuliza mambo ya ajabu: kovu la baba lilikuwa juu ya nyusi ipi? Je, sikio la kulia lilikuwa limesimama zaidi? Mwanzoni nilimjibu kwa neno moja moja. Baadaye nikaanza kupita mwenyewe nikitoka shule. Nilikaa kando ya meza nikamsimulia namna baba alivyofumba jicho moja akisikiliza injini, jinsi alivyojua kutoka kitandani treni ipi inaingia na nani anaiendesha. Fotografe alisikiliza, akarekebisha, akachapa kipande, akakitupa. Sijui ni siku ipi niliyoacha kumkasirikia. Nilikuta tu hasira imeshaisha.

Alipomaliza alimwita mama yangu. Mama alikuwa na macho ya uzee, akavaa miwani yake ya Biblia. Mezani palikuwa na baba watatu: namba moja, tatu na nne. Namba mbili alikuwa amewapa akina mama wa soko wafungie karanga.

"Mama, njo gani?" akauliza, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu.

Mama hakwenda dirishani. Aliinama juu ya namba moja, akaiacha haraka. Akatazama namba nne, ambayo mimi niliiona kuwa safi kuliko zote, nyeupe bila dawa yoyote. Akatikisa kichwa. Akaweka kidole kwenye namba tatu, ile tuliyoicheka zamani kwamba imekaa jikoni, yenye weupe wa mfupa.

"Huyu."

"Kwa nini, Mama?" nilimwuliza mimi. "Hii ya nne shati ni jeupe zaidi."

Mama akavua miwani. "Mwanangu, shati ya baba yako haikukuwaka nyeupe vile. Njo minyi nilikuwa nafula." Yeye ndiye aliyeyafua mashati yale miaka yote.

Fotografe alimtazama. Akatazama karatasi zake. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kucheka, kwanza kimya kimya, mabega yakitikisika, halafu kwa sauti, mpaka mkewe akatoka jikoni kuona kuna nini. Alijaribu kumweleza, akashindwa. "Anafula... njo yeye alikuwa anafula..." Machozi yalimtoka. Mama yangu naye akacheka, akiwa ameishika namba tatu kifuani, bila kujua vizuri amesema nini cha kuchekesha.

Zote kumi na tisa zilichapwa namba tatu. Tulizitundika ukuta wa kaskazini, jua lisipofika, mimi nikishika ngazi. Mzee wa ishara alikuja kuikagua yake, akalalamika kwamba sasa picha imekuwa kijana kuliko yeye.

Baadaye Fotografe na mkewe walihamia Kabongo, kwa ndugu wa mke, na lupango wao ukachukuliwa na fundi wa pikipiki. Miaka ikapita bila kuonana.

Mwaka jana nilitumwa Kabongo kusimamia mitihani. Nilifika kwa manseba, kama tunavyowaita watu wa pikipiki za abiria, nikiwa nimevikwa vumbi jekundu kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Nje ya uzio wa shule niliona foleni ya wanafunzi mbele ya turubai la buluu. Chini yake alikaa Fotografe, amekonda, amevaa miwani minene, mbele yake printa ndogo iliyounganishwa na betri. Alikuwa anatoa picha za kadi za wanafunzi. Nikaokota moja mezani, nikaipapasa. Ilikuwa karatasi ya kung'aa, ile nyembamba kabisa ya dukani.

"Papa Fotografe! Weye, na karatasi hii?"

Aliinua uso. Safari hii alinitambua mara moja. Mwanga ulikuwa mzuri.

"Mwalimu! Eyo!" Alinishika mikono yote miwili. "Hii ni ya kadi. Mutoto ataipoteza mbele ya Noeli. Nimupatie karatasi ya miaka mia, aitie mu mufuko ya kaputula?"

Aliniuliza habari za mama, nikamwambia yu hai na bado anabishana na kila mtu. Nilimwuliza za mkewe. "Iko anauza mafuta sokoni. Alinishinda umaarufu, huku banajua yeye tu, minyi ni bwana ya mama wa mafuta." Alilisema hilo kwa fahari kubwa. Kisha akanitazama kwa makini, kichwa upande.

"Simama pale."

"Papa, ona vumbi hii. Nimetoka njiani. Sijachana hata nywele."

"Simama, Mwalimu. Usipanguse."

Wanafunzi walisogea wakitabasamu. Nilisimama mbele ya ukuta wa shule, nikajaribu kuweka uso wa mtu wa wizara. Akangoja. Mwanafunzi mmoja nyuma yake akanong'ona kwamba mama huyu amegeuka tofali, nikashindwa kujizuia, nikacheka. Hapo ndipo akabonyeza kamera.

Printa ndogo iliguna, ikaitoa. Akaipeperusha mara mbili, akanipa. Nilimwona mwanamke mzima, mvi zikichungulia kitambaani, vumbi kwenye nyusi, meno yote nje. Sikuwa nimejua kwamba nimefikia umri huo, wala kwamba umri huo una furaha kiasi hicho.

Kengele ya mitihani ikalia. Nilianza kwenda, nikageuka.

"Papa, hii itakaa miaka ngapi?"

Alikuwa ameshamwita mwanafunzi aliyefuata, akimpangia kola kwa vidole viwili.

"Sijue, Mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Uiangalie sasa."